Matufaha ya Restuta

Restuta ana jiko la uani hapa Area D, na mimi, Joha, naishi upande wa pili wa ukuta wa jiko hilo. Si kwamba nachungulia. Ukuta ni mfupi na mimi ni mrefu, basi.

Mwaka huu baba mkwe wake, Mzee Matonya, aliletwa kutoka Hombolo akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Hospitali wakamlaza, wakamtibu, wakamruhusu, naye akaja nyumbani kwa mwanawe Elisha akiwa amepona kila kitu isipokuwa hamu ya kula. Ugali aliutazama kama mtu anayetazama mvua inayonyeshea shamba la jirani. Mlenda akausukuma pembeni. Muuguzi alimwambia Restuta bila kuzunguka kwamba mzee asipokula, dawa zote zile ni kazi bure na watamzika. Elisha ni dereva wa lori, muda wote yuko safarini, kwa hiyo maneno hayo yalimwangukia mkewe peke yake.

Kitu pekee ambacho mzee alikuwa tayari kumeza ni uji wa uwele wenye ukwaju, mkali wa kukunja uso. Na ukwaju ndio uliokuwa wa kwanza kupigwa marufuku, kwa sababu mzee ana vidonda vya tumbo. Ndimu marufuku, ubuyu marufuku. "Mpe matunda yasiyo makali," akasema muuguzi, "kama tufaha." Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mtu wa huku kwetu hali tufaha kwa sababu ana njaa. Tufaha hununuliwa kupelekwa hospitali, jekundu, linang'aa, likawekwa juu ya kabati dogo kando ya kitanda ili wageni wengine waone kwamba fulani alifika. Mzee Matonya alilala wodini akiyatazama makabati hayo, akafikia uamuzi wake: aliyeletewa matufaha mengi alitoka amefunikwa shuka. Kwa hiyo wageni walipoanza kumletea nyumbani, aliwarudishia palepale mlangoni. "Mbukwa, karibu," anasalimia kwa Kigogo cha upole, kisha anaongeza, "hayo rudi nayo. Sijafika huko." Hata mimi nilirudi na yangu. Niliyala kwa hasira. Baada ya hapo watu wakahamia kwenye sukari.

Restuta hakubishana. Restuta habishani na mtu, nadhani hasira zake nilipewa mimi. Alikwenda soko la Majengo kwa Hasani, Mrangi wa kwetu Kondoa anayeuza matunda, akamkuta jioni anachambua makasha. Alichogundua huko ni kwamba hakuna anayempelekea mgonjwa tufaha lenye doa. Likishapondeka upande mmoja, hata kama uliobaki ni mzima kabisa, Hasani hulitupa kwenye mafungu ya chini, na hayo anauza kwa bei ya kumwondolea uchafu.

"Mama, haya si ya kupeleka hospitali," Hasani akamwonya.

"Sipeleki hospitali. Napeleka jikoni."

"Jikoni? Kwani Wagogo mmeishiwa mlenda?"

"Warangi mmetumaliza kwa bei. Ongeza na lile pale."

Doa hakuliangalia. Alibonyeza upande mzima: likiwa gumu anachukua, likiwa teketeke anaacha hata akipewa bure. Nyumbani aliyamenya yote, maana ganda jekundu lingemsaliti, akakata palipooza, akachemsha vipande kwa maji kidogo hadi vikalainika, akaviponda kwa mwiko na kuchuja. Rojo lile akalimimina kwenye uji wa uwele, akatia karanga za kusaga kuua harufu. Lililobaki akalichanganya kwenye maharage ya watu wengine wa nyumba, ambao hawakuulizwa. Maganda yalikuja kwa mbuzi wangu kupitia juu ya ukuta.

Mzee akaonja. "Ukwaju huu wa wapi?" akauliza.

"Wa Majengo, Baba," Restuta akajibu. Majengo ilikuwa kweli.

Kesho yake akamaliza bakuli, na keshokutwa akaomba la pili. Katika ukoo wao baba mkwe hakanyagi jiko la mke wa mwanawe, hata likishika moto nadhani angesimama nje aite mtu, kwa hiyo siri ilikuwa salama. Restuta aliogopa hata hivyo. "Dada Joha," aliniambia, "akijua ataacha kula tena, na safari hii hatainuka." Yeye mwenyewe alikuwa amekonda kwa wasiwasi, gauni linamning'inia. Nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia mzee.

Uji ulifanya kazi kupita kiasi. Mzee alipata nguvu za kutembea, akaja hadi uani kwangu kunisalimia, akamkuta mbuzi anatafuna maganda mekundu. Aliyatazama maganda, akautazama ukuta yalikotoka.

"Joha," akasema, "Restuta anaumwa nini?"

"Haumwi, mzee wangu."

"Mnanificha. Amekonda, na matufaha anakula kwa siri. Ameumwa kwa kuniuguza mimi, na mimi nimelala tu nakunywa uji."

Domo langu hili, ambalo mtaa mzima unalifahamu, lilikuwa na jibu tayari. Nikalifunga, kwa sababu jibu lenyewe lingemrudisha kitandani. Akaniagiza nimwitie bajaji ya kwenda Majengo. Kwa kuwa sikumwamini, nikapanda naye.

Kwa Hasani akaomba matufaha ya juu kabisa, akayageuza moja moja, akalipa bila kupunguziwa. Hapo nikaogopa kweli.

"Shikamoo mzee. Nani anaumwa?" akauliza Hasani.

"Marahaba. Mkwe wangu."

Hasani akanitazama. Nikamkanyaga mguu.

Tulimkuta Restuta uani, nje ya jiko, anaosha vyombo. Mzee akaketi kwenye kigoda, akaomba kisu na sahani, akaanza kumenya mwenyewe, anakata vipande vyembamba vya kumlisha mtu asiye na nguvu. Akamsogezea sahani.

"Kula, mwanangu. Sitoki hapa mpaka umalize."

Restuta akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Akaanza kulia, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa analiogopa.

"Baba, siumwi," Restuta akasema. "Hofu yangu ilikuwa wewe. Uji wote ule ulikuwa wa matufaha. Nisamehe."

Kisu kikasimama.

"Wote?"

"Wote, Baba. Tangu siku uliyouliza ukwaju ni wa wapi."

Nikangoja agombe. Yeye akachukua tufaha jingine na kuanza kulimenya.

"Mama yake Elisha naye, siku zake za mwisho wodini, walimjazia kabati," akasema. "Mazuri kuliko haya. Naye meno hakuwa nayo. Kila mgeni aliweka lake akaaga, na sisi wawili tukabaki tunayatazama mpaka yakasinyaa. Njaa alikuwa nayo." Akakata kipande, akakishika. "Sikujua kwamba yanapikika."