Mjomba wa Kelani

Marete hutafsiri sinema pale Ruiri, katika banda la video la Idrisi, nyuma ya bucha ya Idrisi huyohuyo. Hushika maiki na kutafsiri papo hapo, kutoka Kiingereza anachokijua nusu. Nusu ya pili huitunga, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu ndiyo iliyo tamu.

Mambo yalianzia kwenye sehemu ya pili ya sinema moja ndefu ya vita vya sayari. Kijana Kelani alimwelekezea bunduki mtesi wake, Jemadari Zorko, kisha akaishusha. Watu wakapiga kelele: mbona hafyatui? Marete hakusita. "Huyo ni mjomba wake! Tumbo moja na mamake! Atampigaje?"

Banda zima likatulia. Hakuna mtu wa Ruiri anayehitaji kuelezwa laana ya kumwinulia mjomba mkono. Tangu hapo hata ukatili wa Zorko ulieleweka. Alipoulipua mwezi mzima angani, wazee waliuliza tu kama aliwahi kupewa haki yake katika mahari ya dadake.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Marete aliitazama kwanza na Muthomi, mwanafunzi wa chuo kule Nchiru. Kelani alimchoma Zorko kisu, akacheka.

"Anacheka!" Marete aliruka.

"Buda, hawana undugu. Ile bunduki ilikuwa imeisha chaji. Mashabiki walishamaliza huo mjadala kwa mtandao."

"Mashabiki wa wapi?"

"Wa dunia nzima."

"Na Ruiri iko wapi?"

Idrisi, aliyesikia yote kutoka dukani, alitoa hukumu mapema. "Marete, wakikuzomea Jumamosi, maiki nampa Muthomi. Mimi nauza nyama na sinema. Aibu siuzi."

Jumamosi banda lilijaa. Kisu kilipoinuka, Marete alinyamaza. Ciakuthii, muuza maharagwe ambaye hajakosa hata sehemu moja, alisimama. "Marete! Huyo mtoto anataka kufanya nini?"

"Waambie tu hawana undugu," Muthomi alinong'ona, karibu mno na maiki.

"Hawana undugu?" Ciakuthii alimgeukia. "Miaka yote hii naomba huyu mtoto asimguse mjomba wake, leo ati hawana undugu? Ulikuwepo mamake akizaliwa?"

"Mama, walioandika ndio wamesema."

"Basi ni waongo! Walimpa bunduki, akaishusha, wakasahau kwa nini. Mtu asiyekumbuka kazi yake mwenyewe, nimwamini mimi?"

"Ilikuwa imeisha chaji."

"Chaji!" Banda lilicheka kwa dharau. "Jemadari wa sayari ameokolewa na chaji! Kijana, kaa chini."

Marete alisimamisha picha. Angeweza kukiri. Lakini alikuwa amekasirika kwa dhati, kama mtu aliyelea mtoto kisha wazazi wakaja kumchukua bila hodi. "Watu wa Ruiri, mimi hii siitafsiri. Wameharibu."

Makofi. Idrisi aliingia ameshanyoosha mkono kuchukua maiki, akawatazama wateja wake, akaurudisha mkono kwenye aproni.

"Sasa imeishia wapi?" aliuliza.

"Haijaisha," Marete alisema, akizidi kuibana maiki. "Wakiitengeneza vizuri, tutaitafsiri."