Lebo Alizozikata Mama

Mikanda ya kufungia mzigo ya baba ilinuka dagaa, vumbi na grisi, na mimi niliipenda harufu hiyo kuliko manukato. Akirudi safari na lori lake, aliitundika barazani kwetu Mkolani, yote ya bluu, nami nikaichezea kama bembea mpaka nifukuzwe. Mama hakuipenda hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani na muuza mitumba, na kwake uchafu ulikuwa dhambi kabisa. Likizo moja, nikiwa darasa la nne, aliiloweka yote kwenye beseni la sabuni, akaisugua, akaianika. Kisha, kama alivyozoea kufanya na mashati ya mitumba ili yasiwakere wateja shingoni, akachukua wembe akafumua lebo zote. Mikanda ikapendeza, jamani! Mama akasimama mikono kiunoni, anajisifu.

Kesho yake baba alikuwa apeleke Magu mashine ya kusaga ya mama mdogo Rehema, aliyefiwa na mume, na mashine ile ndiyo ingelisha watoto wake. Mimi niliahidiwa kukaa mbele na baba. Asubuhi mashine ikapandishwa, nzito, vijana wanahema. Baba akashika mkanda wa kwanza, akaupindua, akaupindua tena.

"Mama Neema, lebo ziko wapi?"

"Zile takataka? Si nimekusafishia!"

Baba akacheka mpaka akakaa kizingitini. Halafu kicheko kikakatika. Akanituma nizilete kutoka kwenye kapu la vitambaa, akanifundisha kuzisoma mapajani mwake. Namba hii si uzito wa mzigo, ni nguvu ambayo mkanda unaihimili ukivutwa moja kwa moja. Picha hii ya ndoano iliyopigwa alama ya X maana yake usinyanyulie kitu. Mikanda yetu mingine ilikuwa ya mizigo mizito, mingine ya magodoro na viti, na kwa macho yote ilifanana.

"Nipe, nazirudishia sasa hivi," mama akasema, sindano tayari mkononi.

"Ipi ya mkanda upi?" baba akauliza taratibu. "Na sindano yako itautoboa mkanda."

Mama akaichomeka sindano kwenye khanga yake. Jirani akapita akisema funga tu kamba, Magu si hapo tu? Ah, nilimuunga mkono moyoni, maana nilishavaa gauni la safari! Baba akamjibu, "Kawia ufike. Huyu mtoto anapanda na mimi." Mama mwenyewe akampigia mdogo wake simu: mashine itachelewa, kosa ni langu. Nililia, sitawaficha. Baba akaenda mjini kununua mikanda mingine.

Tuliondoka kesho yake. Kabla ya kila mkanda kukazwa, nilisoma namba kwa sauti ya darasani, na mama, aliyekuja na sisi, akaigusa lebo kwa kidole. Barabara ilikuwa na mashimo, lori likaruka, mashine haikucheza. Magu tulipokelewa kwa vigelegele, na jioni ile tulikula ugali wa unga wa kwanza kusagwa, wa moto, na sato. Sijawahi kula ugali mtamu kama ule.

Leo barabara ni lami, na mashine ya mama mdogo imezeeka lakini inasaga bado. Mikanda ile isiyo na lebo ni kamba za kuanikia nguo nyumbani, haijakatika. Nikipita stendi ya Nyegezi na kuona mzigo umefungwa ovyo, humwambia dereva aangalie lebo, kwa sababu ni rahisi mno kuona lebo ni takataka. Jumapili iliyopita nilimletea mama gauni jipya. Ibada nzima alikuwa anajikuna shingoni. Tuliporudi nikaleta mkasi.

Mama akaifunika lebo kwa kiganja. "Weka chini hicho kitu," akasema. "Kwanza nisomee inasema nini."