Asubuhi Tuliyozima Boila

Saa moja na dakika kumi asubuhi niliona kioo cha boila kikavu. Kioo hicho huonyesha maji yaliyomo ndani. Yasipoonekana, chuma kinaungua. Nilikuwa fundi wa zamu kwenye kiwanda kidogo cha maziwa Iringa, nimehamia kutoka Mbeya.

Mwenzangu, mchochea kuni, alikwisha kushika swichi ya pampu.

"Nijaze maji haraka, fundi, kabla Mama meneja hajashuka."

"Usiguse."

"Tukizima, maziwa yanachacha. Unajua nani atalipa."

Nilijua. Pale kwetu aliyepeleka taarifa ya hasara ndiye aliyekatwa mshahara, hata kosa lisipokuwa lake. Tulijifunza kuficha: bomba likivuja tulilifunga mpira wa baiskeli, kipimo kikikwama tulikigonga mpaka kisogee. Lakini kitabu cha boila nilikuwa nimekisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Maji baridi yakigusa chuma kilichoungua hugeuka mvuke ghafla, na boila hupasuka. Nyuma ya ukuta akina mama walikuwa wanaosha madumu, wanacheka.

"Wewe utarudi kwenu Mbeya," alisema. "Mimi watoto wangu wanasoma hapa hapa."

"Watakuzika na swichi mkononi."

Aliachia polepole, kama mtu anayeweka yai chini. Niliwatoa akina mama nje, kisha tukafukia moto kwa majivu na mchanga. Chuma kilikuwa kinalia. Kila kilipolia nilifumba macho.

Ngazi za ofisini zilinishinda mara mbili. Meneja nilimwogopa kuliko boila.

"Mama, nimezima boila. Maziwa ya leo yataharibika."

"Nani kasababisha?"

"Pampu ilijizima yenyewe alfajiri. Aliyezima ni mimi."

Alisukuma kiti nyuma. "Kuna mtu ndani?"

"Wote wako nje."

Alishuka, akasogeza kiganja karibu na boila, akakirudisha upesi. Alipotugeukia, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Hii ni hasara ya kiwanda," alisema. "Hakatwi mtu. Mkiona kitu, njooni mniambie."

Hatukumwamini. Mchochea kuni aliacha kunisalimia; alisema nimemchimbia shimo. Siku ya mshahara kila mmoja alisoma ujumbe wa benki akiwa amewapa wenzake mgongo. Mimi niliusoma chooni.

Pesa zilikuwa kamili, zetu sote. Kiwanda kilibeba hasara peke yake: shilingi milioni moja na laki nane.