Niliandika Kasoro Zao kwa Kiingereza

Hili sijamwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye kitanda kimoja. Nawaandikia nyie wa ukurasa huu wa gazeti kwa sababu mnaficha majina. Mie ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili, tunakaa Mwananyamala. Si msemaji. Nikiitwa mbele darasani sauti inapotea, kwa hiyo mambo yangu mengi nayasemea daftarini.

Humo daftarini nilibuni mchezo. Ni nchi isiyokuwepo, yenye watu wa aina tatu. Unachagua uwe wa watu gani, kisha tunarusha dadu ya ludo kujua kama umevuka mto au umeliwa na joka. Kila aina niliipa maamkizi yake, chakula chake na mwiko wake. Na kila nguvu lazima iwe na kasoro yake, la sivyo mmoja atashinda kila siku.

Ninayecheza naye ni jirani. Nitamwita Anselmi, silo jina lake. Ana miaka kumi na saba, aliishia darasa la saba, sasa anachonga vinyago na baba yake. Kwao kusini. Nilipomwambia kila aina ina mwiko wake, kesho yake akaniletea mwiko wa kusongea ugali.

"Sie wetu huu," akasema. "Nyie wenu uko wapi, au mnasonga kwa mkono?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye ndiye aliyenichongea watu wote wa daftari kwa vipande vya mpingo vilivyobaki, kila mmoja kama kidole gumba.

Watu wa tatu niliwaita Watu wa Mpingo. Nyuso zao zina chale, kama uso wa bibi yake Anselmi, ambaye kila nikipita ananitia korosho mkononi na kunifumba vidole. Nguvu zao niliziandika kwa Kiswahili: mikono hodari, subira, hawapotei msituni. Nilipofika kwenye kasoro nikakwama, kisha nikabadili lugha. Niliandika kwa Kiingereza kwamba wanaelewa polepole, nyuso zao zinatisha watoto, na mgeni asile kwao. Sikuyabuni hayo. Ndiyo mama na shangazi wanayosemaga wakichambua mchele, bibi yule akishapita. Shuleni tunakatazwa kuulizana kabila, nami nikajiambia hawa si kabila, ni watu wa daftari. Lakini kama sikuona ubaya, Kiingereza kilikuwa cha nini? Nilijua Anselmi hakijui.

Akaniuliza, "Msomi, hapa pameandikwaje?"

Nikamjibu bila kumtazama, "Kwamba hawamsahau mgeni."

Akatabasamu. "Basi hao ni bibi yangu kabisa." Akaomba anakili. Nikamwacha anakili.

Kumbe alikuwa anachonga sanamu ya bibi yake, urefu wa chupa ya soda, chale zote mahali pake. Kwenye kitako akachimba maneno yangu, herufi kwa herufi. Bibi akaiweka karibu na mlango ili kila anayeingia aione. Ilikaa pale miezi miwili. Mie nikawa nasalimia kutokea nje.

Jumapili iliyopita nilitumwa kwao kurudisha ungo. Nikamkuta mwalimu mmoja wanayesali naye, ameishika ile sanamu, anasoma kitako chake kimyakimya.

"Tusomee, mwalimu," bibi akasema. "Mjukuu wangu kanisifu humo."

"Maneno ya kawaida tu, bibi."

"Nisomee, mwanangu. Kwangu si ya kawaida."

Akayatafsiri kwa Kiswahili, macho sakafuni.

Anselmi, aliyekaa ndani na baba yake, aliniona pale mlangoni na ungo wangu. Nilingoja anitaje. Akasema, "Nimekosea mie, bibi. Nilinakili kutoka karatasi ya kufungia maandazi, nikaona herufi zinapendeza."

"Mjinga wewe," baba yake akamwambia. "Unachonga usichokijua."

"Ndiyo, baba."

Bibi alijipangusa shavu kwa kiganja, pale penye chale, kama mtu aliyeambiwa ana uchafu usoni. Tangu siku ile akitoka nje anajifunika khanga mpaka puani.

Kesho yake Anselmi akaniletea wale watu wadogo ndani ya kopo la maziwa. Nikaanza, "Anselmi, mie..." Akanikatiza. "Bibi asijue kama ni wewe. Anakupenda. Hilo tu." Akaondoka. Mwisho wa mwezi wanahamia kijiji cha ujamaa huko kwao, wote.

Nishaurini, nyie mnaosoma. Nikinyamaza, bibi ataondoka akiamini mjukuu wake ni mjinga, naye Anselmi ataubeba ujinga usio wake. Nikisema, nitakuwa nimevunja la pekee aliloniomba, na bibi atajua korosho zake alikuwa akimpa nani. Nimfuate bibi kabla hawajaondoka, au nimtii Anselmi?

Mama anakuja. Namtambua kwa mtalawanda, viatu vyake vya mti alivyochongewa na baba yake Anselmi bila kuomba. Siku zote nikivisikia naingiza karatasi chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani. Kiswahili mama anakisoma vizuri.