Mzee Rajabu Alivyoshuka Mlimani Nyuma Yangu

Ipo siku moja, mwanangu Baraka, ambayo nikikaa peke yangu hapa jikoni inanirudia yote, na baridi yake na harufu yake ya majani makavu. Nilikuwa nimesimamisha pikipiki pembeni mwa barabara ya mlimani, kule magharibi mwa Maryland, na mbele yangu amesimama mzee mwenye umri wa baba yangu, ananingoja niseme. Vuta kiti nikusimulie. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini masikio yako ni ya Kiswahili, hayo nimeyalea mwenyewe.

Usinitolee macho. Nimesema pikipiki, na mwendeshaji ni mimi. Babu yako alikuwa bwana shamba huko Machame, na ile pikipiki yake ya kazi alinifundisha kuiendesha kabla sijajua kupika ndizi zikaiva sawasawa. Bibi yako alinuna muda mrefu, akasema binti gani huyu atakayepanda chuma. Baadaye nikaja huku Amerika, nikapata kazi ya kutunza wazee, nikapanga chumba Takoma Park karibu na stesheni ya treni. Maisha yakawa kazi, treni, kanisa, kulala. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako nilikuwa simjui hata jina.

Mzee Rajabu alikaa jengo letu, ghorofa ya chini. Mtu wa Tanga, dereva wa ubalozi. Jumamosi alitoa ndoo na matambara akaosha pikipiki yake uani, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Nilimpa shikamoo, nikamwambia mnyororo wake umelegea. Akaniangalia juu mpaka chini, akacheka, akanipa spana. Tangu hapo nikawa mwanawe. Yeye ndiye aliyenitafutia pikipiki yangu ya kwanza huku, ndogo, imetumika, lakini nzima. Wa tatu wetu alikuwa Njoroge, huyu huyu unayemwita Anko Njoroge, wakati huo kijana mwembamba wa Nyeri, mchana anaegesha magari ya watu mjini, jioni anasoma.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, Mzee akatutangazia safari. Akasema sisi watoto tunakaa Amerika miaka na miaka tunajua njia ya kazini tu, tukirudi kwetu tutasimulia nini. Tutakwenda milimani wakati majani yanabadilika rangi, tukae kando ya ziwa Deep Creek, turudi Jumapili. Niliomba likizo kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi. Msimamizi wangu aliuliza kama kuna msiba.

Tulitoka Ijumaa asubuhi. Mzee alisoma dua yake, Njoroge akaomba kwa jina la Yesu, mimi nikaitikia amina zote mbili. Utaratibu ulikuwa mmoja: Mzee anatangulia, mimi nafuata, Njoroge nyuma. Hakuna aliyetuwekea sheria hiyo. Kumpita mzee barabarani ni jambo ambalo halikutupitia kichwani, kama vile usingekaa kiti chake au kunawa kabla yake.

Tuliipita Frederick, tukaipita Hagerstown, barabara ikaanza kupanda. Mwanangu, pazuri. Milima yenyewe kwetu tungeiita vilima vya kuchungia mbuzi, na nilikaribia kusema hivyo, lakini Mzee alikuwa akituonyesha kwa mkono kana kwamba ameiumba yeye, nikanyamaza. Miti ilikuwa myekundu na ya manjano toka chini bondeni hadi juu. Njoroge aliimba ndani ya helmeti muda wote, tukisimama unamsikia hajamaliza ubeti.

Kwenye kituo cha mafuta nilimwekea Mzee chai mezani, upande wa kushoto. Akaigonga ikamwagika yote. Akasema meza mbovu. Nikafuta, nikamletea nyingine, na nikaona anageuza shingo nzima kuitafuta. Nilikuwa nimetunza wazee miaka kadhaa, hiyo shingo naijua. Nikasema moyoni, labda amechoka.

Jumamosi tulizunguka ziwa na kupanda milima ya jirani, na hapo nikakosa pa kujificha. Kila kona ya kushoto tairi la Mzee lilivuka mstari wa njano. Unajua huku magari yanayokuja yanakuja kwa mkono wa kushoto. Kona ya kulia hana neno, kona ya kushoto anahamia upande wa wenzake. Nami niko nyuma yake, nimeshika breki kana kwamba breki yangu itamsimamisha yeye.

Mchana Mzee alitandika koti lake kando ya maji akasali adhuhuri. Tukamwacha, tukasogea kwenye gati la mbao. Nikamwambia Njoroge.

Akasema, "Nimeona. Tangu jana nimeona. Lakini sasa tutamwambia aje? Mimi mtoto wa juzi nimwambie mzee haoni?"

Tukashauriana kwa minong'ono. Yule ndiye aliyetufundisha kulaza pikipiki kwenye kona. Ndiye aliyetuleta. Na kwetu sote, awe Mkikuyu, Mchaga au mtu wa Tanga, habari za mwili wa mzee hasemi mtoto, anatafutwa mzee mwenzake akae naye faragha, aanzie mbali. Mzee Rajabu alikuwa na rafiki yake mkubwa aliyekaa mji wa Bowie, rika lake, wametoka pamoja Tanga. Tukakubaliana: tukifika nyumbani tutakwenda kwa yule wa Bowie, yeye atajua la kufanya. Nikajisikia vizuri kabisa. Nilijiona nimelelewa.

Jaribio moja tulifanya. Nilimwambia Mzee kesho atuache tutangulie ili apumzike. Akaniuliza, "Nipumzike nini, na nimekaa?" Tukacheka. Jioni tukala samaki wa kukaanga, na Mzee alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena. Mimi samaki nilimchokoa tu, kwa sababu kila nikimtazama nilikuwa nahesabu kona za kesho.

Jumapili tukaanza kurudi. Hatukufika mbali. Kona ya kushoto, ukuta wa mwamba huku, korongo kule, na lori la magogo likatokea. Mzee alikuwa upande wa lori. Honi ile mpaka leo naisikia. Akachomoka, sijui kwa nguvu ya nani, lori likapita nikaona magome ya magogo yakimrukia begani. Naye akaendelea na safari kama mtu aliyepishana na baiskeli.

Hakuliona, Baraka. Alikuwa amelisikia tu.

Nikapiga gia, nikampita. Nilimpita mzee wangu barabarani, nikakata mbele yake kwenye uwazi wa pembeni, nikasimama. Akasimama naye. Akavua helmeti, uso umebadilika. "Ndeshi. Una nini?"

Nikasema, "Mzee, jicho lako la kushoto halioni."

Njoroge alikuwa amefika, akawa anakagua tairi lake ambalo halikuwa na ubaya wowote. Mzee aliinua mkono akaliziba jicho la kulia, akatazama bondeni, kwenye ile miti yote aliyotuleta kuiona. Alitazama muda mrefu. Kisha akashusha mkono.

"Nilidhani ni kioo cha helmeti," akasema. "Nimekifuta tangu kiangazi." Halafu akanigeukia. "Umejua lini?"

"Ijumaa nilihisi. Jana nikajua."

"Jana. Na jana tumekaa meza moja tukacheka."

Nikaona nijitetee. Nikamweleza habari ya rafiki yake wa Bowie, kwamba tulitaka mzee mwenzake azungumze naye, kwamba tuliona si adabu sisi kumkabili.

Mwanangu, yule mzee hakupandisha sauti, na ningeshukuru kama angepandisha. Alisema, "Mjumbe wenu angenikuta wapi? Kule chini kwenye mawe? Msidanganyike mkaiita adabu. Mliogopa nitanuna. Ningenuna, ndiyo. Ningenuna mpaka Frederick, na jioni ningekula. Kuna mke wangu Tanga anayeningoja nirudi, na wewe umemwekea adabu yako badala ya mumewe."

Nililia. Nalisema wazi, nililia pale barabarani mbele ya magari ya watu. Akaniacha nilie, wala hakunibembeleza. Nilipomaliza akaniambia, "Haya, umesema. Sasa nipeleke nyumbani."

Pikipiki ya Mzee, Njoroge aliiteremsha mpaka kituo cha mafuta kilichokuwa mbele kidogo, mwenye kituo akakubali kuihifadhi stoo, kisha akarudi kwa miguu. Na Mzee Rajabu, mtu mzima, mwenye heshima zake, akapanda nyuma ya pikipiki yangu ndogo. Mwanzoni alishika chuma cha nyuma, kwa sababu ya staha. Ulipoanza mteremko akashika koti langu. Nikimtazama kwenye kioo naona amekaa wima, mikoba yake miwili mapajani, anatazama milima kwa jicho lake moja. Kila kona ya kushoto alikuwa akinisemesha kwa nyuma: punguza, tazama mbali, haya nenda. Alinifundisha njia nzima.

Tuliingia Takoma Park wakati watu wanatoka kanisani, wote pale nje wamevaa vizuri. Nilitaka nizunguke nyuma wasimwone, akakataa. Jamaa mmoja akamtania, "Mzee Rajabu, leo umebebwa na mtoto wa kike?" Akamjibu, "Nimebebwa. Na wewe omba siku yako ikifika uwe naye." Akashuka, akawasalimia wote, akaenda kulala.

Madaktari wakamwondolea mtoto wa jicho, na majira ya machipuko tukaifuata pikipiki yake. Aliendesha miaka mingine kadhaa, kila kona upande wake. Akarudi Tanga kwa mkewe. Alifia kitandani, mzee kabisa, amezungukwa na wajukuu.

Sasa nisikilize. Juzi tulipotoka Upper Marlboro kwenye mambo ya nyumba, mimi nikiendesha, ulishika mpini wa mlango mpaka vidole vikawa vyeupe. Mguu wako ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Nilikuuliza kuna nini, ukasema hakuna, Mama. Na leo asubuhi Anko Njoroge amenipigia simu. Alianza mbali sana, na hali ya hewa, na bei ya mayai, akafika kwenye umri, akafika kwenye macho. Halafu akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Ndeshi, huyu mtoto wako amenituma. Sisi tumezeeka, tumekuwa yule mzee wa Bowie."

Sikukasirika, mwanangu. Nilikaa hapa nikaona nimekulea vizuri, na nimekulea vibaya. Mzee mpe shikamoo, mpishe kiti, usimkatize akiongea. Lakini ukimwona anavuka mstari, usimtafutie mjumbe. Mwambie yeye, siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako na kwa lugha yoyote inayokuja, hata hicho Kiingereza chako. Atanuna. Mimi nitanuna, najijua, na chakula cha jioni huenda ukapika mwenyewe. Wewe sema.

Mungu akulinde huko njiani, akupe mtu wa kukusimamisha kona kabla hujachelewa, na akupe ujasiri wa kuwa mtu huyo kwa wenzako. Ufunguo wa gari uko juu ya friji. Jumatatu utanipeleka kwa daktari wa macho, na Jumapili kanisani utaendesha wewe. Mimi nitakaa pembeni nikuonyeshe kona.