Salamu za Bura Langoni

Konsolata alikuwa na hamu moja tu mwaka ule: kuiona Arusha. Tangu hajaolewa alishona magunia ya ngano Shamba la Juu. Magunia yalipanda lori kwenda Arusha, yeye akabaki na sindano. Basi mashamba ya serikali yalipoanzisha ligi ya kwanza ya mpira wa wanawake, na bingwa akaahidiwa kwenda Arusha kucheza na timu za mikoa mingine, alitangulia kujiandikisha. Wanaume walicheka. Alipoanza kufunga mabao, wakasema walijua tangu zamani.

Fainali timu yake ilikutana na Shamba la Chini. Golini alisimama Helena, mpishi wa kule, mwenye mikono ya kusongea ugali wa madereva wote. Mikono si neno. Neno ni kwamba Helena ndiye aliyemzaa Bura, mume wa Konsolata.

Kipindi cha kwanza Konsolata akawapita mabeki, akabaki na kipa peke yake. Helena hata hakuinama.

"Mama Zita," akasema taratibu, "leo unanipita tu kama mti?"

Miguu ya Konsolata ikagoma. Akausimamisha mpira, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Helena akauokota mpira miguuni pa Konsolata kama anayeokota yai.

Kocha Tadei, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, akaketi chini kwenye mabua. "Umekuja kucheza au kuposwa?"

"Ningempitaje mama mkwe bila kumwamkia? Wewe ungeniozesha tena?"



Dakika za mwisho, bado hakuna bao, Konsolata akatoka tena na mpira. Safari hii alianza kusema angali mbali.

"Mama, Bura anakusalimu."

"Salamu zake..." Helena akaanza, maana salamu ya mtoto haiachwi chini. Mpira ukapita katikati ya miguu yake.

Baada ya filimbi Helena akaja moja kwa moja. Wanawake wa Shamba la Juu wakajifanya wanafunga kamba za raba, na wengine walikuwa pekupeku.

"Kweli alinisalimu?"

"Kweli, mama. Alinituma asubuhi."

"Basi zimefika." Helena akajipangusa vumbi. "Ukienda Arusha, watoto watakaa na nani?"

"Nilitaka kukuomba wewe, mama."

"Walete. Na huko Arusha kwanza funga, ndipo uamkie."