Sista Huyu-wa-Nani

Jina hilo alipewa na madaktari kwa utani, naye hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa nesi huyu wa wodi ya saratani aliingia kwenye chumba cha mkutano kila Alhamisi asubuhi, mafaili yamemjaa kifuani. Daktari wa upasuaji, wa dawa na wa mionzi walikaa meza moja, wakabishana juu ya kila mgonjwa mpaka jasho liwatoke. Wakimaliza, sista aliinua faili akauliza, "Huyu wa nani?" Hatoki mtu mpaka mmoja wao alipokee kwa mkono wake. Ushamba? Haya, ushamba. Lakini hakupotea mgonjwa.

Ikaja korona. Chumba kikapigwa kufuli, mkutano ukahamia kwenye simu, kila daktari kwake. Sista naye akaunganishwa, ila sauti yake ikazimwa, eti kupunguza kelele. Kelele! Mtu aliyewajua wagonjwa mpaka wajukuu wao!

Alhamisi ya tatu ilisomwa habari ya mama mmoja, fundi cherehani. Uvimbe kwenye titi, bado mdogo. Akikatwa mapema, anapona. Daktari wa upasuaji akasema vyumba vyake vimefungwa, labda aanze dawa. Wa dawa akajibu, "Sawa, tutaona." Mtandao ukakwama. Uliporudi, walikuwa kwa mgonjwa mwingine. Sista alibonyeza kitufe cha sauti, akabonyeza tena, akapayuka peke yake ofisini kama mwendawazimu. Wapi! Wa upasuaji alidhani mama kaenda kwa wa dawa. Wa dawa alidhani anasubiri kisu. Faili likabaki kabatini. Sista alikusudia kuwapigia simu jioni, lakini mchana uleule alihamishiwa wodi ya korona, na huko, jamani, watu walivyokuwa wakifa, alisahau hata kula.

Aliporudi baada ya wiki kumi na nne, alimkuta mama yule kwenye benchi, amekunja kitambaa ndani ya blauzi kuzuia majimaji ya kidonda. Daktari wa upasuaji alimtazama dakika tano tu. "Hapa hakuna cha kukata tena," alimnong'oneza sista mlangoni, kisha akaandika: mgonjwa alichelewa kuja.

"Daktari, huyu hakuchelewa. Sisi ndio tuliomweka."

"Sista, tusianze."

Sista alirudi ndani. Mama akamwahi.

"Mliniambia nikae nyumbani mpaka nipigiwe. Simu sikuizima hata siku moja, mpaka bafuni naingia nayo. Unisamehe, mwanangu, nimekuja bila kuitwa."

Ubavu wa kumkabili daktari sista aliupata. Wa kumwambia mama huyu kwamba wao ndio waliomsahau, hakuupata.

"Hakuna neno, mama," alisema, akamsaidia kufunga vifungo vya blauzi.